Kilo Tisa kwa Wiki Sita

Nusura nimuue mama yangu kwa sababu ya gauni. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani anasoma habari za mwanamke aliyepungua akapendeza, akaanza kutafuta mahali nilipoandika siri ya chai. Nilipungua, ndiyo. Nilipendeza pia, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na picha zipo. Ila mzigo wa kupungua kwangu aliubeba mtu mwingine, mwanamke wa miaka sabini na sita mwenye ng'ombe mmoja, na hakuniambia kwamba anaubeba.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka ishirini na mbili nimechora utumbo wa binadamu ubaoni kwa chaki za rangi, nikawafokea watoto wa watu kwa kutojua tofauti ya wanga na protini. Nikiulizwa mlo kamili ni nini, najibu nikiwa nimefumba macho. Elimu hiyo yote ilikaa kimya siku nilipoona picha zangu za ubarikio wa mtoto wa rafiki yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya keki, nimevaa nyeupe, na kwa sekunde kadhaa sikujua keki ni ipi.

Lazima nieleze kwamba huku kwetu mwili wa mwanamke una mizani mbili, na hazijapata kukubaliana hata siku moja. Ya kwanza iko juu, Old Moshi, kwenye kihamba cha mama, kati ya migomba na kahawa. Huko ukishuka garini baada ya kupotea mwezi mzima, salamu ya kwanza ni "Umenenepa!", na aliyeisema anatabasamu, anakuminya mkono wa juu kama anayenunua mbuzi, anamshukuru Mungu. Ukifika umepungua, hakuna anayegusia. Wanakwambia "pole" bila kusema pole ya nini. Mizani ya pili iko chini, Rau ninakoishi na mjini ninakofundisha, kwenye makundi ya simu ya wanawake wa rika langu, ambako "umenenepa" ni tusi linalotumwa na vikatuni vya kucheka. Mimi nilizaliwa kwenye mizani ya kwanza, nikahamia kwenye ya pili, na nilihama na kilo tisini na moja.

Basi binti wa dada yangu akawa anaolewa, na kamati ikachagua sare ya lesi ya rangi ya damu ya mzee. Wiki sita kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, mama alishuka mjini, tukaenda pamoja kwa fundi. Fundi akanizungushia futi kiunoni, akasoma kwa sauti, kama mafundi wote wasio na huruma.

"Arobaini na nne."

"Andika arobaini," nikamwambia.

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, futi haidanganyi."

"Haidanganyi leo. Mimi nakupa vipimo vya siku ya shughuli."

"Nikishakata kitambaa hakirudi."

"Na mimi sirudi."

Akaandika arobaini huku akitikisa kichwa. Kisha akampima mama. Mama alisimama wima, mikono pembeni, kidevu juu, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akapimwa kama alivyo. Hakuomba kupunguziwa wala kuongezewa. Tulipotoka aliniuliza kwa nini nimemwambia fundi anishonee nguo ya mtu mwingine. Nikamjibu kwamba ndiyo fasheni. Mama huwa habishani na fasheni, anaisubiri tu ipite.

Jumatatu yake nilikwenda kituo cha afya, nipate baraka za kitaalamu. Daktari alikuwa kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne. Alisimama aliponiona, akasema, "Shikamoo, Madam," nami nikaketi nikamwagiza kama ninavyowaagiza wanafunzi: kilo kumi, wiki sita, niambie nifanyeje.

Alitabasamu kwa adabu. "Madam, mwili haupendi kushtukizwa. Nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Ukienda mbio kuliko hapo huyeyushi mafuta peke yake, unakula na misuli yako. Nywele zitakatika, utapata kizunguzungu, na nyongo inaweza ikaanza kutengeneza mawe. Wewe kula, ila punguza sahani. Punguza sukari na soda. Tembea kila siku. Usiruke mlo."

Nikapiga hesabu palepale kitini. Kwa mwendo wake wa nusu kilo ningefika kwenye sendofu nimepungua kilo tatu. Kwa mwendo wake wa mbio, sita. Hizo ni kilo ambazo ukizipunguza unazijua wewe na Mungu wako. Isitoshe nilimkumbuka vizuri yule kijana. Kwenye mada ya mmeng'enyo wa chakula alipata C, tena C ya kuokotwa. Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kwa mtu mwenye majibu matamu zaidi.

Mtu huyo alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa anauza chai ya kusafisha mwili, kwenye pakiti zenye picha ya kiuno cha msichana ambaye hajawahi kukaribia ndizi. Kilo kumi kwa siku thelathini, pakiti ilisema, na maneno yaliyochapwa kwa rangi ya dhahabu huwa yanaaminika kuliko daktari. Jirani mwenyewe alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili. Mganga hajigangi, lakini nilimgusia.

"Mimi ni mifupa mikubwa, shosti," akasema bila kuona haya. "Halafu muuza majeneza naye mpaka afe kwanza ndiyo umwamini?"

Nikachukua pakiti tatu.

Masharti yalikuwa mepesi kuyakariri: asubuhi chai, mchana chai, jioni tango na yai moja la kuchemsha, kisha chai. Mume wangu anafanya kazi Dodoma, watoto wako vyuoni, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na shahidi. Chai ilikuwa nyeusi, chungu, na ilifanya kazi yake kwa juhudi. Naomba nisiseme mengi. Niseme tu kwamba wiki ya kwanza nilifundisha nikiwa nimesimama karibu na mlango, na kidato cha pili walizoea kuniona nakatiza sentensi katikati na kuondoka kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Mwisho wa wiki nilikuwa nimepungua kilo tatu. Kama mwanafunzi angeniletea matokeo hayo ningemwambia ni maji tu hayo, mpumbavu wewe, hujapungua chochote. Lakini mwanafunzi alikuwa mimi, nikajipa A.

Wiki ya pili nikapanda Old Moshi Jumapili, kama kawaida, kusali na mama. Nje ya kanisa mama alinishika mkono wa juu, akauminya, akauachia haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Wanawake wenzake wa kwaya wakanisalimia mmoja mmoja. "Pole, mwanangu." "Pole." "Pole, mama." Nikapokea pole zote kama mtu anayepokea pongezi.

Nyumbani mama alikuwa amepika machalari, ndizi na nyama zimeiva mpaka zinaelewana. Nilikula vipande viwili vya ndizi, nikasukuma sahani. Mama akaitazama sahani muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, Mama. Najipunguza mwili tu. Kwa makusudi."

"Kwa makusudi," akarudia taratibu. "Mtu ana chakula mbele yake, anakiacha kwa makusudi."

"Ndiyo. Siku hizi watu wengi wanafanya hivyo."

Akachukua kitambaa, akaanza kuifuta meza iliyokuwa safi. "Yule binti wa hapo chini, wa kwa mzee wa kanisa, naye alisema hivyo hivyo. Alisema ni kwa makusudi. Tulimzika mahindi hayajakomaa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli, kisha nikarudia kwamba mimi ni mzima, na yeye akaitikia "sawa, sawa" kwa sauti ile ambayo watu huwaitikia wagonjwa. Huko juu kuna desturi hii: mtu akianza kukonda, humuulizi mara mbili. Ukimuuliza mara ya pili unamlazimisha akudanganye. Unachofanya ni kumlisha.

Jumanne jioni pikapu ya jirani wa mama huko juu, ile inayoshusha ndizi sokoni, ikasimama mlangoni kwangu Rau. Dereva akashusha dumu la lita tano la maziwa, mayai yaliyopangwa kwenye majani makavu ya migomba, na samli kwenye chupa ya jamu. Ijumaa akaja tena, na safari hii palikuwa na chupa ya chai imejaa mtori wa ndizi mshare, laini, wa moto, unaonukia hadi barabarani. Jumanne iliyofuata hivyo hivyo. Nikampigia mama simu.

"Mama, haya maziwa ni mengi mno."

"Ng'ombe anatoa."

"Na wewe unakunywa?"

"Mimi nakunywa sana. Nimechoka maziwa."

Nikaridhika. Ni uongo ambao mtu mwenye akili timamu angeuona kutoka Rau, maana ninamfahamu yule ng'ombe, ni mzee na mbishi, na siku akiamka vizuri anatoa lita moja na nusu. Mwalimu wa baiolojia hakujumlisha. Uongo unaokufaa huwa hauukagui.

Ijumaa ya wiki ya tatu ulikuja mlaso kwenye sufuria. Asiyeufahamu nitamweleza: ni damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa na samli, na kwa desturi yetu hupewa mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, anayewekwa ndani miezi mitatu, hafanyi kazi nyingine ila kula na kunyonyesha. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba. Mtoto wangu wa mwisho anafuga ndevu. Nikapiga simu tena, nikiwa nacheka.

"Mama, huku Rau nani kazaa?"

"Kunywa tu," akasema. "Hata mwenye mwili unaoondoka anarudishwa hivyo hivyo."

Sikunywa. Nilifunika ile sufuria, nikaenda nayo kwa jirani, kama nilivyokwenda na maziwa, na mayai, na samli, na mtori. Utaratibu huo tulikuwa tumeshauanzisha tangu siku ya kwanza. Nilimwambia kwamba chakula cha kwa mama kinanitesa kwa harufu, naye akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete huku, shosti. Nikuokoe na majaribu."

Aliokoa kwa moyo wote. Mtori aliunywa wa moto, samli aliitia kwenye wali wa mchele wa Chekereni mpaka punje zikawa zinateleza zenyewe, na maziwa aliyagandisha kwenye kibuyu, akisema ya dukani hayafikii. Jioni tuliketi barazani kwake, mimi na kikombe cha chai yake, yeye na bakuli la mama yangu, akinihesabia kilo nilizopunguza. Picha zangu alizirusha kwenye kundi la wateja wake, "kabla" na "sasa". Wateja waliongezeka. Na yeye mwenyewe mashavu yakaanza kung'aa. Madumu matupu niliyaosha vizuri kwa maji ya moto na kumrudishia dereva, na baadaye niliambiwa kwamba kila dumu lilipofika tupu, mama alilishika kwa mikono miwili, akasema, "Amekunywa."

Tangu wiki ya tatu sikupanda tena Old Moshi. Nilimwambia mama nina mitihani ya kusahihisha, na kweli ilikuwepo, ila kilichonizuia ni kuogopa machalari. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana, vifundo vifundo. Nilisikia baridi saa sita mchana, Moshi, mwezi wenye jua. Siku moja nikichora moyo ubaoni, kuta zikazunguka, nikajishikilia kwenye ventrikali ya kushoto mpaka zikatulia. Nilikuwa na hasira ya kudumu. Nilimtoa nje mtoto wa kike kwa kosa la kutafuna. Kila alichosema yule kijana wa C kilitimia kwa mpangilio ule ule alioutaja, isipokuwa mawe, ambayo labda yalikuwa njiani. Mimi niliziita dalili hizo "sumu inatoka". Maneno hayo nilifundishwa na jirani.

Siku ya sendofu nilipanda kwenye mzani asubuhi. Themanini na mbili. Kilo tisa kwa wiki sita. Nikavaa lile gauni, zipu ikapanda bila kusimama hata mara moja, nikageuka mbele ya kioo upande huu na upande ule, nikalia kidogo kwa furaha, nikapaka poda juu ya machozi. Saa kumi jioni nilikuwa mlangoni pa ukumbi nikipokea wageni, au tuseme nikipokea macho ya wageni. Wanawake wa mjini walipiga vigelegele. "Umefanyaje? Tupe siri!" Jirani yangu, niliyemwalika, alizunguka nyuma yangu akigawa namba yake ya simu.

Mama alishuka na gari la ndugu wa Old Moshi. Nilimwona akiingia, nikampungia mkono, nikaendelea kupigwa picha. Nilimwona, nasema. Sare yake, ile aliyopimwa siku moja na mimi na futi ile ile, ilikuwa inaning'inia mabegani kama iliyoazimwa. Kiunoni alikuwa ameikaza kwa khanga, na khanga ilimzunguka mara mbili na kubaki. Mimi nilimpa fundi vipimo vya uongo, vikatimia. Mama alitoa vya kweli, vikageuka uongo. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu mlangoni, na nilichofikiria ni kwamba fundi amemharibia mama nguo, na kwamba Jumatatu nitamwendea.

Ndafu akaletwa, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na majani mdomoni, ameketi kwenye meza ya magurudumu kama mgeni rasmi. Binti akakata, akawalisha wakwe, kisha akaja kwa bibi yake. Mama akapokea kipande, akamshukuru, na badala ya kukitia mdomoni akakifunga kwenye kitambaa cha karatasi. Akainuka, akaanza kuja kwenye meza yetu nacho. Alikuwa ananiletea mimi. Alipiga hatua nne. Ya tano hakuimaliza. Alishika kiti kilichokuwa karibu, kiti kikaenda naye chini, na kipande cha nyama kikabaki kwenye ngumi yake, hakikudondoka.

Saa moja na nusu tulikuwa kituo cha afya, mimi na lesi yangu ya damu ya mzee, na zamu ilikuwa ya yule kijana. Hakunisalimia kwanza. Alimpima mama presha, akamtundikia dripu, akamuomba ndugu aliyetuleta atoe kadi ya kliniki kwenye mkoba wa mama, maana mama huhudhuria kliniki ya presha kila mwezi na kadi haiachi nyumbani. Mwezi uliopita ilikuwa imeandikwa kilo hamsini na sita. Akamweka kwenye mzani, tukiwa tumemshika huku na huku. Arobaini na tisa.

"Kilo saba," daktari akasema. "Kwa mwili huu ni nyingi kuliko tisa zako, Madam." Alikuwa ameshanipima kwa macho. "Bibi, umekuwa unakula nini?"

Mama alieleza kwa sauti ndogo, kana kwamba anakiri kosa. Ndizi za kuchemsha na chumvi. Chai ya rangi. Maziwa hapana, maziwa yana mwenyewe. Mayai hapana. Kuku wawili aliwauza akapata samli ya nyongeza. Na Jumatano na Ijumaa alikuwa hali kabisa, alikuwa anafunga na kuomba, kwa sababu ana mtoto ambaye ni mgonjwa na hataki kusema. Alimweleza daktari hayo yote huku akiniepuka macho, kunifichia siri yangu.

Daktari akanitazama. Kwenye mtihani ule wa mmeng'enyo nilimwandikia kwa kalamu nyekundu, "Hujafikiri." Nadhani na yeye alilikumbuka neno hilo. Akaniambia kwa upole kwamba bibi atalala siku mbili, kwamba asilishwe kwa pupa, aanze na kidogo kidogo, na kwamba akiongezeka nusu kilo kwa wiki inatosha sana. "Na wewe, Madam, ukitaka kuendelea kupungua, ni ile ile. Nusu kilo." Akaiandika mara mbili, kwenye karatasi mbili, namba moja.

Alipotoka, mama aligeuza kichwa kwenye mto.

"Yale maziwa," akasema. "Ulikuwa unakunywa?"

Nilikuwa nimesimama na gauni ambalo sikuweza kuketi nalo vizuri. Niliona bakuli la jirani, na wali unaoteleza, na dumu ninaliosha kwa maji ya moto.

"Nilikunywa yote, Mama."

"Na mlaso?"

"Na mlaso."

Kwenye meza yake ya chakula nilimwambia ukweli, hakuniamini. Hapa nilimdanganya akiwa na sindano mkononi, akaniamini palepale. Akafumba macho, akasema "Aika" kwa Mungu wake, asante kwa Kichagga, lugha anayotumia kwa mambo makubwa, akalala. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nikajua vizuri kwamba sitaifuta kwa kumwambia ukweli, kwa sababu ukweli ungemwondolea kitu pekee alichopata kwa zile kilo saba.

Nilimleta kwangu Rau baada ya siku mbili, akae mpaka apate nguvu. Ng'ombe alibaki kwa mwenye pikapu, na maziwa yaliendelea kushuka Jumanne na Ijumaa. Sasa yalikuwa na wanywaji wawili. Asubuhi tuliketi mezani, kikombe kwa kikombe, mimi nikimtazama yeye na yeye akinitazama mimi, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuweka kikombe chini. Pakiti ya chai iliyobaki niliimwaga kwenye shimo la taka. Mama aliongezeka nusu kilo wiki ya kwanza. Mimi nilikula mara tatu kwa siku, nikatembea hadi ukingo wa msitu wa Rau na kurudi, nikarudisha kilo mbili kwanza, kisha nikaanza kushuka taratibu kama konokono. Mama alipoona shavu langu linarudi alisema, "Si umeona? Maziwa ya ng'ombe wangu," na mimi nikasema ndiyo, Mama, ni maziwa.

Jirani alichelewa kuja kumjulia hali. Alikuja wiki ya pili, Jumamosi asubuhi, amevaa dera jipya kwa sababu la zamani halikumtosha. "Shikamoo, bibi," akasema, akainama. Mama akaitikia marahaba, akamshika mkono wa juu, akauminya. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimkagua jirani yangu mashavu, shingo, viganja, ngozi inayong'aa kama iliyopakwa samli, na kweli ilikuwa imepakwa, kwa ndani. Jirani akatazama sakafu. Akasema ameacha jiko linawaka, akaaga, akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiondoka.

Mama alibaki akiutazama mlango.

"Unamwona mwenzio?" akaniambia, na hakuwa na kijicho chochote, alikuwa anafurahi kwa ajili ya mtu asiyemjua. "Yule ana mama anayemlisha."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Anaye."